Kicheza muziki cha kwanza: anza na nyimbo zako

Mama mkubwa anakaa Ngamiani, Tanga, katika nyumba aliyoingia akiwa bi harusi. Alasiri, jua likishapunguza ukali, huketi barazani akisuka ukili. Kwa miaka mingi hakuketi peke yake. Pembeni kulikuwa na redio kaseti, na ndani ya redio walikuwamo Shakila Said na Black Star Musical Club, Lucky Star, Culture Musical Club ya Unguja, na siku za sikukuu Atomic Jazz. Redio ilipokufa wanawe walimnunulia simu janja, na kijana wa kibanda cha jirani akamjazia nyimbo. Mwaka jana simu hiyo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Nyimbo zikaenda nayo.

Nilipokwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na marahaba, hakunizungusha. "Mwanangu, nitafutie kitu cha nyimbo tu. Kisipigiwe simu, kisiombe bando, kisiniletee picha za watu nisiowajua. Nyimbo tu."

Nilimwitikia haraka, nikiamini ni kazi ya asubuhi moja Kariakoo. Ilinichukua karibu miezi miwili, na pesa niliyoitoa mara ya kwanza ilipotea. Nayaandika haya kwa sababu tangu wakati huo nimeulizwa swali lilelile na watu wengi: kijana wa chuo anayetaka kusoma bila simu mkononi, dereva wa lori anayekatiza mapori ambako mtandao haushiki, mzazi anayetaka mwanawe asikilize hadithi na kaswida bila kuzurura mitandaoni. Wote wanaanza, na wote huanza pale nilipoanza mimi, mbele ya kabati la kioo la muuzaji. Hapo ndipo mahali pa kufika mwisho.

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nilipokewa vizuri. Muuzaji alinipangia mashine tano juu ya kioo, akaanza kunisomea sifa zake. "Karibu dada. Hii ina gigabaiti 128. Hii inaonyesha video. Hii ina gemu, hii ina kinasa sauti, hii skrini yake ni ya kugusa." Niliichukua ile ya kugusa kwa sababu ilikuwa na sifa nyingi kuliko wenzake. Nikiwa kwenye daladala narudi Tabata ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyetaja nyimbo, si yeye wala mimi. Nilikuwa nimenunua sufuria bila kujua nyumbani kunapikwa nini.

Habari ya nafasi ilikuwa na maana zamani, na mazoea yake ndiyo yametubakia. Sony walipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, mtu alitembea na kanda moja ndani na nyingine mfukoni. Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ilitoa MPMan, kicheza muziki cha kwanza cha aina ya MP3 kuuzwa kwa wingi. Kilikuwa na megabaiti 32, yaani nyimbo nane hivi, pungufu ya kanda moja. Oktoba 2001 Apple wakaleta iPod yenye gigabaiti 5, kwa dola 399, na kivutio chake kilikuwa nyimbo 1,000 mfukoni. Dunia ilishangaa. Leo memori kadi ya ukubwa wa ukucha inabeba mara kadhaa ya hizo, na inauzwa hadi kwenye meza za barabarani. Apple wenyewe walitangaza mwisho wa iPod Mei 2022, simu ikiwa imeshameza kazi yake. Vifaa vyenyewe havikufa. Sony bado wana Walkman za kidijitali, na kampuni za China kama FiiO, Shanling na HiBy zinatengeneza vya kila kiwango, kuanzia kile cha kubana kwenye kola hadi kile kizito kinachozidi bei ya pikipiki.

Kwa hiyo anayeanza asiulize kinachukua nyimbo ngapi. Ajiulize nyimbo zake ziko wapi.

Swali hili linawakwaza wengi, kwa kuwa hudhani wanazo nyimbo kumbe wamezikodi. Ukilipia huduma ya kusikiliza mtandaoni, Spotify kwa mfano, ambayo ilifunguliwa Tanzania na Kenya Februari 2021, ukabonyeza kupakua, wimbo unakaa kwenye simu yako ukiwa umefungwa kufuli. Unafunguka ndani ya programu ile tu, na siku ukiacha kulipia, unafungwa. Huwezi kuuhamishia kwenye kicheza muziki cha kawaida hata ukiutafuta kwenye mafaili usiku kucha. Mwenye nyimbo za namna hiyo atalazimika kununua mashine inayoendeshwa kwa Android na yenye Wi-Fi, aweke programu ileile humo. Mashine hizo zipo na nyingine ni nzuri, lakini hizo ni simu zisizopiga simu. Ujumbe unaingia, bando linaliwa, betri inakwisha siku hiyohiyo. Kwa anayetafuta utulivu, naona ni pesa iliyopotea.

Wengine hutegemea kibanda cha kujaziwa nyimbo. Nawaheshimu vijana wa vibanda, wanatafuta riziki, lakini nitasema ninavyoona. Mwanamuziki hapati hata senti. Na msikilizaji naye hapati wimbo mzima: faili limebanwa na kubanwa tena, jina la msanii si lake, na katikati ya kibwagizo anaingia DJ kujitangaza. Anayependa muziki kwa dhati anunue pale anapoweza kununua. Bandcamp huuza faili ambalo ukishalilipia ni lako moja kwa moja, bila kufuli. CD nazo bado ni hazina. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2005 kuadhimisha miaka 100 ya kikundi cha Ikhwani Safaa, una taarabu iliyosafishwa vizuri na kuelezwa vizuri. CD moja, kompyuta yenye mahali pa kuiingiza, na robo saa. Nyimbo zimeshakuwa faili.

Mama mkubwa hakuwa na CD wala hajawahi kulipia huduma yoyote. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanda 31, nyingine zimeandikwa ubavuni kwa mkono wa marehemu mumewe.

Kanda zile ndizo zilizoamua kila kitu, na kazi ya kuzihamisha ndiyo iliyonifundisha zaidi. Niliazima redio kaseti nzima kwa jirani, nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti. Nikanunua waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili, upande mmoja ukaingia kwenye tundu la hedifoni la redio, wa pili kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi hazina tundu hilo. Kuna kifaa kidogo cha USB kinachofanya kazi hiyo. Nilirekodi kwa Audacity, ambayo ni programu ya bure. Kanda iliyolala miaka mingi huzungushwa kwanza hadi mwisho, ikarudishwa, ndipo ikachezwa, ili utepe ulegee. Sauti ya redio iwekwe katikati, na mstari wa kipimo kwenye skrini usiguse juu kabisa, maana sauti ikikwaruza wakati wa kurekodi haitengenezeki tena. Hakuna njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 inataka dakika 60. Nilikaa nazo usiku baada ya usiku, nikisikia kati ya wimbo na wimbo vitu ambavyo sikuvitegemea: jogoo, mtu akikohoa, mtoto akiuliza kama chakula kimeiva. Baadhi zilirekodiwa sebuleni kutoka redioni. Nyumba nzima imo humo.

Hapo nikakutana na jambo linalowachanganya wanaoanza kuliko mengine yote, aina za faili. Sauti ya kiwango cha CD hula megabaiti kama 10 kwa kila dakika. FLAC huibana bila kupoteza kitu, kama nguo zilizokunjwa vizuri sandukuni. Ukifungua zimo zote, na nafasi iliyotumika ni karibu nusu. MP3 hutupa. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walitumia udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa huimeza ndogo iliyo jirani yake, kama vile aliyesimama karibu na ngoma asivyomsikia anayenong'ona. Kilichomezwa kinaweza kuondolewa na msikilizaji asijue. Brandenburg aliijaribu kazi hiyo kwa "Tom's Diner" ya Suzanne Vega, sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa sababu sauti tupu ya mtu hufichua kasoro haraka. Ndiyo maana nami nikitaka kujua kama faili limebanwa kupita kiasi sisikilizi ngoma. Nasikiliza mwimbaji wa taarabu anapovuta neno peke yake kabla fidla hazijamjibu. Kama kuna kitu kinachochuruzika kama maji nyuma ya sauti yake, faili hilo limeharibiwa.

Kiasi cha kubana hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Kwa 128, wimbo wa dakika 5 una megabaiti kama 5. Kwa 320, una 12. Kwa FLAC, 25 hadi 35 hivi. Nyimbo zetu za taarabu na dansi ni ndefu, dakika nane au kumi, kwa hiyo zidisha. Hata hivyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 200 za MP3 za kiwango cha juu kabisa. Mama mkubwa akisikiliza saa nne kila alasiri, asingerudia wimbo kwa siku 50.

Uamuzi niliofikia mwishowe, baada ya hasara nitakayoisimulia sasa hivi, ulikuwa huu: nakala ya FLAC ibaki kwenye diski nyumbani kama mama wa nyimbo zote, na nakala ya MP3 ya kilobiti 256 iende Tanga. Kanda iliyochakaa haiwi mpya kwa kubadilishiwa aina ya faili, na MP3 ikigeuzwa kuwa FLAC kilichotupwa hakirudi. Ukisikia sifa za kilohezi 96 na 192, wewe unayeanza, usizilipie. Zile 44.1 za CD zinabeba kila sauti ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia.

Sasa nifike penye uchungu. Nilinunua memori kadi iliyoandikwa gigabaiti 64, kwenye duka ambalo sitalitaja, kwa bei iliyonifurahisha. Niliijaza nyimbo za kanda 14 na mambo mengine yangu, ikakubali yote. Kompyuta ilionyesha majina yote na ukubwa wake wote. Nikafuta mafaili ya kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Siku nilipoiweka kwenye mashine, nyimbo za mwanzo zilicheza, zilizofuata zikawa kimya, nyingine zikapiga mluzi. Kanda 9 zilikuwa zimepotea.

Kadi ilikuwa ya gigabaiti 8. Watengenezaji wa kadi za uongo huandika ndani ya chipu inayoiongoza kadi kwamba ina nafasi kubwa, na kompyuta haina sababu ya kubisha. Unaponakili, majina yanaandikwa kwenye orodha, lakini data iliyozidi nafasi ya kweli inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Huoni lolote mpaka siku ya kusikiliza. Nilirudi kwenye sanduku la bati nikaanza upya kanda zile 9, na moja kati yake ilikatika safari hiyo ya pili. Ilikuwa na sauti ya marehemu akimtania mkewe mwishoni mwa upande wa pili. Hiyo haipo tena.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ushike hili hata kama mengine yote utayasahau. Kadi mpya ijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Zipo programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, ambazo huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kukwambia ukweli wake. Huchukua saa kadhaa, iache usiku. Na wimbo usifutwe mahali pa kwanza mpaka uwe umechezwa mahali pa pili. Tena, waya wa USB usichomolewe kabla ya kuiambia kompyuta kwamba unatoa kifaa.

Kuna mtego mwingine mdogo wa kadi. Mashine nyingi za bei ya chini husoma kadi zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 peke yake, na kadi zinazozidi gigabaiti 32 hutoka kiwandani zikiwa na mtindo wa exFAT. Ukiiweka, mashine inasema haioni kadi, nawe unadhani umeuziwa bovu. Soma kwenye boksi kikomo cha kadi ni kipi, na kwa anayeanza, 32 inatosha.

Mashine ya kwanza niliyompelekea mama mkubwa, ile ya kugusa, ilirudi Dar juma lilelile. Nilipaswa kujua. Anapoketi barazani vidole vyake vina rangi ya ukili, macho yake yako kwenye kazi, na herufi za skrini ile zilikuwa ndogo kama chawa. Ili kuruka wimbo mmoja alilazimika kufuta mikono, kutafuta miwani na kuwasha skrini. Mashine yenye vitufe vya kubonyeza vinavyojulikana kwa kidole, hiki cha kusonga mbele, hiki cha kurudi, hiki cha sauti, unaitumia ikiwa ndani ya mfuko wa kanzu au imebanwa kwenye ukosi. Dereva vilevile. Kijana anayekaa kitandani akichagua albamu kwa picha zake, huyo skrini kubwa ya kugusa inamfaa. Tazama mikono yako inafanya nini wakati unasikiliza, kisha uchague.

Kwa wasikilizaji wa mawaidha, visomo na hadithi kuna swali moja la kumuuliza muuzaji, nalo ni zito: nikizima katikati, nikiwasha kesho, itaendelea palepale? Nyingine huendelea, nyingine huanza mwanzo, na darsa la saa moja na nusu linaloanza mwanzo kila siku ni adhabu. Mwenye nyimbo nyingi sana aulize pia kikomo cha idadi, kwa kuwa zipo mashine ndogo ambazo zikifika nyimbo elfu kadhaa huacha kuorodhesha zinazobaki, hata kama kadi ina nafasi.

Majina nayo yapangwe kabla ya kuhamisha. Mashine husoma jina lililoandikwa ndani ya faili, wala haijali ulivyoliita faili lenyewe kwa nje. Kama ndani hamna kitu, nyimbo zote zinarundikana mahali pamoja chini ya msanii asiyejulikana. Mp3tag, ambayo ni ya bure kwa Windows, hurekebisha mia kwa mkupuo. Nilimpangia mama mkubwa kwa jina la kundi na namba ya kanda, kwa sababu ndivyo anavyozikumbuka. Haziiti albamu. Anasema "ile kanda ya harusi ya Mwanaidi".

Kuhusu iPod za mitumba, ambazo wengi huniuliza kwa mapenzi: ni vitu vizuri vya mkononi, lakini betri imezeeka, za zamani zina diski inayozunguka ndani isiyopenda kuanguka, na nyimbo haziingii kwa kuburuta folda kama flashi. Asiyependa kazi ya kuhangaika na kompyuta azipite.

Nakuja kwenye masikio. Mashine yenyewe ina mchango wake, lakini tofauti kubwa anayoisikia anayeanza inatoka kwenye spika za masikioni. Ukiwa na shilingi 100, weka 60 hapo. Sisemi uende kwenye zile kubwa za studio. Kipimo cha ukinzani, kinachoandikwa kwa alama ya Ω, kikiwa kati ya 16 na 32, mashine ndogo inazisukuma bila shida. Hedifoni kama Sennheiser HD 600 zina 300; ukizichomeka kwenye kimashine cha kubana kolani utapata sauti nyembamba na utamlaumu aliyekuuzia. Kabla ya kulaumu, angalia pia mipira ya silikoni inayoingia sikioni. Huja saizi tatu, na wengi hubaki na ile iliyokuja imevishwa. Isipoziba vizuri, besi hukimbia yote.

Jaribio langu ni la dansi. Chukua wimbo wowote mrefu wa bendi ya Mlimani Park, subiri ufike sehemu ya kuchezea, kisha ulifuate gitaa moja. Solo lipo mbele, hilo halifichiki. Lifuate lile la kati linalojibizana nalo, halafu rizimu, halafu besi. Ukiweza kulishika gitaa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kulipoteza ndani ya mengine, spika hizo zinakufaa hata kama boksi lake halina jina. Ukishindwa, rudisha. Wapo mafundi waliopiga magitaa yale usiku kucha kwa malipo madogo. Wanastahili kusikika kila mmoja peke yake.

Za waya au za Bluetooth? Kwa anayeanza, za waya. Hazichajiwi, hazipotei moja moja, na kwa mashine yenye redio ya FM waya huo ndio antena yake. Bila huo redio haishiki. Bluetooth ni nyongeza nzuri kwa siku za kutaka sauti itoke kwenye spika ya sebuleni.

Na sauti ipunguzwe. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nawaona vijana ndani ya daladala, muziki wao unasikika viti viwili nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikifika 90, muda ulio salama unashuka hadi saa 4 kwa juma zima. Vijinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Spika zinazoziba sikio vizuri zinasaidia hapa, maana kelele ya injini ikizuiwa huna haja ya kuishinda kwa kupandisha muziki. Shirika hilohilo linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa.

Niliporudi Kariakoo mara ya pili nilikwenda na kadi yangu iliyojaribiwa, yenye nyimbo kumi ninazozijua, na spika zangu za masikioni. Nilimwambia muuzaji ninachotaka: vitufe, herufi kubwa, mahali pa kadi, redio, tundu la waya. Alifikiri kidogo, akainama, akatoa mashine kutoka chini ya kabati, ya bei ndogo kuliko zote alizonionyesha mara ya kwanza. Nilisikiliza nyimbo tatu nikiwa nimesimama palepale. Nilizima, nikawasha, ikaendelea pale ilipoachia. Nikachomeka kwenye kompyuta yake ili nione kama inafunguka kama flashi. Ilifunguka. Hakuona vibaya hata kidogo. Aliniambia wateja wangekuwa wanafanya hivyo asingerudishiwa vitu.

Leo mama mkubwa anaichaji kila Ijumaa. Ukili unaendelea. Kanda sita hazijahamishwa bado, nami nitazimaliza kabla ya Ramadhani. Utepe wa kanda unazeeka hata ukiwa umefungwa sandukuni, na redio kaseti nzima zinazidi kuwa adimu mtaani. Kama na kwenu kuna sanduku la bati chini ya kitanda, lifungueni mwisho huu wa juma, mkiwa bado mna mtu wa kuwaambia ni sauti ya nani.